Mpiga Picha za Maiti Ambaye Hakunitisha

Iko filamu moja ya Kimarekani ambayo tangu ilipotolewa mwaka 2014 imesifiwa hata sifa zikavuka mpaka. Jina lake ni Nightcrawler. Mtungaji na mwelekezi wake ni Dan Gilroy, na ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza ya kuelekeza, baada ya miaka mingi ya kuwaandikia wenziwe hadithi za senema. Iligharimu dola milioni 8.5, ambazo kwa watu wa Hollywood ni kama pesa za sabuni, nayo ikarudisha kiasi cha dola milioni 50. Mwaka 2015 hadithi yake iliwania tuzo ya Oscar, isiipate. Wahakiki wakasema ni filamu ya kutisha, wakaonya wenye moyo mwepesi. Mimi nimeitazama mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya insafu tu, na mara zote mbili nimeinuka nilipokaa moyo wangu ukiwa umetulia tuli. Basi ndugu msomaji, leo nataka tuulizane kwa nini.

Tuanze na jina, kwani jina ndilo lililonitia tamaa. Nightcrawler kwa Wamarekani ni mnyoo mkubwa atokaye ardhini usiku, ambao wavuvi wao huufukua na kuutia kwenye ndoana. Sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa habari ya chambo. Jina hilo peke yake limebeba fumbo ambalo mshairi angelionea wivu: mwenye kutambaa usiku ni mnyoo, na mnyoo ni chambo. Walakini chambo hakitiwi ndoanani kwa ajili ya mvuvi, hutiwa kwa ajili ya samaki. Filamu nzima nilikuwa nikimngoja huyo samaki atokeze kichwa.

KISA CHENYEWE

Mwenye kisa ni Lou Bloom, mwanamume wa Los Angeles aishiye kwa kukata nyavu za chuma za nyua za watu na kuiba vifuniko vya mashimo ya barabarani, akaviuza kwa uzani. Usiku mmoja, akipita barabara kuu, anakuta gari limeanguka na linawaka moto, polisi wanahangaika kumtoa mwanamke aliyenaswa ndani. Ghafla anatokea bwana mmoja na kamera, Joe Loder, anapiga picha juu ya mabega ya polisi, kisha anakwenda zake kuziuza. Lou anamwuliza, kazi hii ni kazi gani? Haipiti muda anaiba baiskeli ya bei kubwa, anaibadilisha dukani kwa kamera ndogo na redio ya kusikilizia mawasiliano ya polisi, na tangu hapo usiku ukawa ndio mchana wake. Bidhaa zake anamwuzia Nina, mama mhariri wa habari za alfajiri katika kituo cha televisheni ambacho kimeachwa nyuma na vituo vingine. Akaajiri na msaidizi, Rick, kijana asiye na makao, kwa dola 30 kwa usiku.

Toka hapo ni kupanda ngazi. Kwanza anaingia bila ruhusa katika nyumba iliyomiminiwa risasi, anazisogeza picha za familia kwenye mlango wa friji ili zikae karibu na matundu ya risasi. Halafu anafika penye ajali kabla ya polisi, anamkuta mtu amelala chini, anamburura mpaka mahali ambapo taa za gari zinammulika vizuri zaidi. Halafu anaharibu gari la Loder, mshindani wake, nalo linaanguka, na yeye ndiye anayefika kumpiga picha akibebwa kwa machela. Mwisho wa yote anawahi kwenye nyumba moja ya wenye nacho, mtaa wa Granada Hills, wauaji wangali humo ndani. Anawapiga picha wakitoka, nyuso zao na nambari ya gari lao, anaingia na kuwapiga picha waliouawa, kisha anawaficha polisi ile sehemu yenye wauaji. Nia yake ni kuwafuata mwenyewe na kuchagua mahali pa kukamatiwa, mahali penye watu, ili risasi zilie mbele ya kamera yake. Na risasi zinalia, na watu wanakufa. Rick naye anakufa, kwani Lou amemdanganya kuwa muuaji aliyemo katika gari lililopinduka amekwisha kufa. Na mwenzake akikata roho, Lou yuko juu yake na kamera.

Mtu akisoma haya atasema, sasa unataka kutishwa na nini zaidi?

Nisije nikaambiwa nina choyo. Jake Gyllenhaal, aliyecheza kama Lou, alijikondesha kwa kilo 13 hivi ili apate sura ya mtu mwenye njaa isiyokwisha, naye amesema alimfikiria Lou kama mbweha wa vilima vya Los Angeles ashukaye mjini usiku. Mbweha huyo yumo kweli machoni mwake, macho hayapepesi. Picha zilipigwa na Robert Elswit, fundi aliyekwisha pata Oscar kabla ya hapo, naye ameutengeneza usiku wa Los Angeles ukawa safi na mpana, mataa yake mpaka mwisho wa upeo, mji mzuri ambao ndani yake hamna salamu. Na zaidi ya yote nilipenda ulimi wa Lou. Hatukani, hapayuki. Huzungumza kama aliyemeza kitabu cha mafunzo ya biashara akashindwa kukitapika: malengo, maarifa, bidii, uaminifu wa mwajiriwa kwa kampuni. Anamwambia mtu maneno ya kumnyonga kwa sauti ya mkufunzi wa semina. Hilo ni buni la mtungaji hodari, na lau filamu nzima ingelikuwa na macho ya namna hiyo nisingelikuwa na la kuandika.

JINI

Kosa lake ni hili. Lou tumemkuta amekwisha kamilika. Katika dakika za mwanzo kabisa anamvamia mlinzi wa zamu, na tunapomwona tena saa ya mlinzi iko mkononi mwake. Zimebaki karibu saa mbili, na katika muda huo hakuna alichojifunza ila ufundi. Hana mama, hana jirani, hana aliyemdai wala anayemstahi. Kiumbe pekee anachokitunza ni mti mdogo kwenye chombo karibu na dirisha, anaumwagia maji. Anapoiburura ile maiti hatumwoni akisita. Hatusemi, "Lou, usifanye," kwa kuwa tunajua tangu mwanzo kuwa atafanya. Na jambo ambalo lazima litendeke halina shaka, na pasipo na shaka hapana hofu, hata ukipiga muziki wa namna gani.

Jini halitishi kwa kuwa ni jini. Linatisha linapompanda mtu umjuaye.

Sisi tuliokulia kwenye viti vya Regal na Naaz hapa Mombasa tumewaona waovu wa kila sampuli, tukawazomea na kuwatupia maganda ya njugu. Gabbar Singh wa Sholay, ile filamu ya Kihindi ya mwaka 1975, hana chembe ya huruma, wala hatuambiwi alizaliwa wapi na kulelewa na nani. Naye pia tumemkuta amekamilika. Lakini mbele yake yuko Thakur, aliyekatwa mikono yote miwili, na kila uovu wa Gabbar tunaupima kwa lile shali lililofunika mabega ya Thakur. Uovu una mizani yake. Lou hana Thakur. Wapelelezi wanamhoji, anawajibu, wanamwachilia. Loder anavunjika. Nina anamvulia kofia. Hakuna mtu katika filamu hii ambaye tunaweza kumtazama usoni tukajua ni kitu gani kilichopotea.

Ama yuko mmoja, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Rick amechezwa na Riz Ahmed, Mwingereza mwenye asili ya Pakistani, ambaye miaka ya baadaye alikuwa Muislamu wa kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya mchezaji bora wa kiume, na mwaka 2022 akaipata Oscar kwa filamu fupi. Hapa bado ni kijana mwembamba anayetafuta kibarua. Anapohojiwa na Lou hana sifa ya kujisifu, hajui aseme nini, na anaikubali dola 30 kwa usiku kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Kazi yake ni kushika ramani, kumwambia Lou apinde wapi, akikosea njia afokewe. Anaona yote. Na yeye, tofauti na Lou, anajua anachokiona.

Iko sehemu moja ambayo naomba utakayeitazama filamu hii uingoje. Wameketi garini usiku, wanawavizia wale wauaji. Rick anafahamu sasa mpango wa mwenzake: kuwaacha mpaka wafike penye watu, ndipo wawaite polisi. Rick anasema hili si sawa, watu wataumia. Sauti inamtetemeka. Mtazamaji anakaa vizuri kitini. Hatimaye mtu amesema! Kisha, maskini, palepale, pumzi ileile, anadai nusu ya zawadi iliyotangazwa kwa atakayewafichua wauaji, la sivyo atasema.

Wallahi hapo ndipo nilipogutuka, na ni hapo tu. Kijana amelifungua lile sanduku la dhamiri yake, amechungulia ndani, amelikuta limo bado, akalitia bei. Kila mmoja wetu amewahi kumwona mtu katika hali hiyo. Karani ajuaye kuwa shamba linauzwa mara mbili, akauliza fungu lake liko wapi. Shahidi. Mshenga. Huyo Rick ana njaa ya kweli, ana hofu ya kweli, na ana kitu cha kupoteza. Na alivyokipoteza yanatosha masimulizi ya usiku mzima. Lakini filamu imelipita jambo hilo kwa dakika chache ikimkimbilia Lou, na baada ya muda Rick amekufa, na kufa kwake kumefanywa ushahidi mwingine wa ubaya wa Lou, kana kwamba tulihitaji ushahidi. Gilroy alikuwa na mtu mkononi, akamwacha akashika jini.

KWENYE KITUO

Nina naye ameguswa juu juu. Rene Russo, mkewe Gilroy katika maisha ya kweli, amemcheza vizuri: mwanamke ambaye umri wake na mkataba wake vinakaribia mwisho pamoja, na akishuka kiti hicho hatapata kingine. Anamweleza Lou waziwazi bidhaa inayotakiwa: damu, lakini si ya mtu yeyote, iwe ya mwenye nacho na mweupe, na mkono ulioimwaga uwe wa fukara au wa mtu wa rangi nyingine. Maiti wa mitaa ya kimaskini hawana soko. Na inapogunduliwa kwamba katika nyumba ile ya Granada Hills mlikuwa na shehena ya kokeini, yaani mauaji yale yalikuwa ya wafanya biashara ya magendo wenyewe kwa wenyewe, Nina anakataa kuitangaza habari hiyo, kwani inaivunja hadithi ya raia wema waliovamiwa vitandani mwao.

Hapo pana uovu mkubwa kuliko wa kuburura maiti. Aliyeiburura maiti amemdhulumu mmoja. Aliyeificha ile kokeini ameutia mji mzima hofu ya uongo, na kila baba aliyetazama asubuhi ile amefunga mlango akimwogopa mtu asiye na kosa apitaye njiani. Ajabu ni kwamba Gilroy aliwachukua watangazaji halisi wa televisheni za Los Angeles wakacheza kama nafsi zao, wakisoma habari hizo za kubuni kwa sauti zilezile wazisomeazo za kweli. Nilidhani atatufikisha mahali. Hakutufikisha.

Na huko Los Angeles yamekwisha tendeka makubwa zaidi bila ya Lou yeyote. Tarehe 30 Aprili 1998, mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa na mwenye hasira na kampuni za bima ya afya alisimamisha gari lake kwenye makutano ya barabara kuu mbili za mji huo. Helikopta za televisheni zikamzunguka, na vituo vikamwonyesha moja kwa moja. Baadhi vikakatiza vipindi vya watoto vya saa za alasiri ili vimwonyeshe. Akajiua mbele ya kamera, na watoto waliokuwa wakitazama katuni wakaona. Hapakuwa na mwendawazimu katika kadhia ile. Palikuwa na rubani aliyekuwa kazini, mpiga picha aliyekuwa kazini, mhariri aliyehofia kituo jirani kisimtangulie. Watu wenye wake na watoto, ambao jioni yake walirudi makwao. Hiyo ndiyo filamu ambayo ingelinikosesha usingizi.

MACHO YA WATAZAMAJI

Gilroy amesema fikra yake ilianzia kwa Weegee, na hapa inafaa tumtazame huyo bwana, kwani mwanafunzi amemwacha mwalimu mbali sana. Jina lake halisi lilikuwa Arthur Fellig, aliyezaliwa mwaka 1899 Ulaya ya Mashariki akahamia New York angali mtoto. Jina la Weegee inasemekana linatokana na ule ubao wa ramli ambao Wazungu huwaulizia mizimu, kwa kuwa alifika penye mauaji upesi mno hata watu wakadhani anapiga bao. Siri ilikuwa redio. Mwaka 1938 alipewa idhini ya kuwa na redio ya mawasiliano ya polisi ndani ya gari lake, na katika buti la gari hilo aliweka taipureta na vifaa vyake vya kazi. Miaka hiyo aliyauzia magazeti maiti kwa bei ya mapatano. Hakuwa malaika. Mwaka 1943 alimwokota mwanamke mlevi, akamsimamisha mbele ya jumba la opera ili awakodolee macho mabibi waliovaa almasi, akaipiga picha kana kwamba imetokea yenyewe, na picha ile ikawa mashuhuri.

Lakini Weegee alijua jambo moja. Mwezi wa Oktoba mwaka 1941, huko Brooklyn, aliuawa mtu barabarani karibu na skuli. Weegee akafika, akaipa maiti mgongo, akaielekeza kamera kwa waliokuja kutazama. Picha hiyo inaitwa Their First Murder. Ni kundi la watoto wanasukumana ili waone. Mmoja anavutana na mwenziwe, mmoja uso umemjaa furaha ya sikukuu, na katikati yao, akiwa amebanwa, yuko mwanamke analia: shangazi wa marehemu. Maiti haimo. Haihitajiwi. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi kitabuni, na kila mara namtafuta mtoto ninayefanana naye.

Billy Wilder pia alilijua jambo hilo. Mwaka 1951 alitoa filamu iitwayo Ace in the Hole, na atakayependa aitafute. Kirk Douglas ni Chuck Tatum, mwandishi wa habari aliyefukuzwa kwenye magazeti makubwa, anayemkuta mtu amefukiwa pangoni huko New Mexico. Mtu huyo angeweza kutolewa kwa muda mfupi. Tatum anawashawishi wakubwa wamtoe kwa njia ndefu, ya kuchimba toka juu ya mlima, ili habari idumu siku kadhaa. Na watu wanakuja! Wanakuja na magari, na hema, na watoto. Wanauziwa vyakula, wanafungiwa bembea, wanatungiwa wimbo wa mtu wa pangoni, garimoshi linawashusha nao wanakimbia wasije wakakosa nafasi. Mtu pangoni anakufa. Tatum hakuwa jini: siku ile anapotambua kuwa mtu wake hatatoka hai, uso wake unageuka, na baada ya hapo hata mafanikio anayatema. Filamu hiyo watazamaji wa mwaka 1951 waliikataa, haikurudisha pesa. Ninaamini waliona wamepigwa picha.

Katika Nightcrawler, dakika 117 za habari ya televisheni, hatuingizwi sebuleni mwa mtazamaji hata mara moja. Tunasikia tu takwimu zimepanda. Samaki hakutokeza.

Nilimpa maneno haya mpwa wangu, kijana ambaye riziki yake ni kupiga picha za harusi hapa mjini, na ndiye aliyekuwa ameniletea filamu yenyewe. Akanicheka kwa adabu. "Mjomba," akasema, "wewe wataka filamu ya mtu amekaa kwenye kochi? Nani atalipa kuitazama?" Kisha, baada ya kunywa kahawa yake, akaongeza, "Lakini kweli. Mimi kwenye harusi nikiambiwa nisipige, sipigi. Wasumbufu si sisi, ni wanaosema piga, piga, nitumie."

Ana haki ya kusema, kwani kazi yake ina mipaka iliyowekwa zamani kabla ya kamera. Yeye hupiga nikaha na upande wa wanaume. Siku ya kupamba hakanyagi huko. Huingia mwanamke mwenzao na kamera yake, na siku hizi mlangoni huketi mtu wa kuzikusanya simu. Watu wa pwani tulijua tangu hapo kuwa jicho nalo lina mlango wa kubisha hodi. Na kwa maiti mlango huo ni mzito zaidi. Maiti wetu huoshwa chini ya shuka, na walioosha wakiona aibu mwilini mwake huzikwa nayo midomoni. Mwosha huoshwa, walisema wazee. Nilipomwona Lou amesimama juu ya Loder na kamera nilidhani mtungaji, hata kama hajui Kiswahili, atakumbuka kwamba ipo siku Lou naye atalazwa chini ya taa ya mwingine. Hakukumbuka, na wanaomsifu wanasema huo ndio ushujaa wake, kumwacha mwovu astawi. Sina ugomvi na kustawi kwa waovu, tunawaona kila siku. Ninachokitaka ni mtu mmoja wa kuona.

Maana hapa kwetu jambo hili si la senema tena. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri pale Likoni, likazama na mama na bintiye, na hawakutolewa baharini hata tarehe 11 Oktoba. Kabla ya hapo gari lile likielea, kisha likididimia, lilikuwa limekwisha zama mara elfu na elfu simuni mwa watu. Simlaumu aliyelipiga picha. Pengine hakujua kuogelea, na mkondo wa pale tunaujua. Aliyepokea akapeleka kwa mwingine, naye huyo kwa mwingine, hakuwa na mkondo mbele yake, alikuwa amekaa. Wenye msiba nao wana simu.

Mpwa wangu akaniuliza, basi Mohamed Amin je? Swali zuri, na nilifurahi kuwa kijana wa umri wake amjua. Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzia kazi ya kujitegemea Dar es Salaam angali kijana, naye alikuwa mtu wa kufika kabla ya wenziwe. Alikuwako na kamera yake Julai 1969 Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi. Oktoba 1984 alikuwa Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, akapiga zile picha za wenye njaa wakifa kulipopambazuka. Mwaka 1991 alipoteza mkono Addis Ababa bohari la silaha lilipolipuka, akafungwa mkono wa bandia akarudi kazini, mpaka tarehe 23 Novemba 1996 alipokufa katika ndege iliyotekwa ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija. Asiyemtakia heri angeweza kusema aliishi kwa misiba ya watu. Lakini zitazame picha za Korem. Hazikukuacha ukae. Waliozitazama waliinuka, wakauliza wapeleke wapi chakula, na mwaka uliofuata zikachangwa pesa zisizohesabika. Picha za Lou huonyeshwa wakati wa chai ya asubuhi, na mtazamaji akishazitazama hutia sukari.

Filamu inakwisha hivi. Lou ana kampuni sasa, ana magari mawili mapya, na ameajiri vijana watatu wa kujifunza kazi. Anawapanga mbele yake usiku, anawapa nasaha zake za semina, anawaahidi kuwa hatawatuma kufanya jambo ambalo yeye mwenyewe asingelifanya. Vijana wanasikiliza. Mimi sikumtazama Lou hapo, nilikwisha mchoka. Niliwatazama wale watatu. Nani kati yao ana mama nyumbani? Nani alilala garini jana? Nani usiku wa leo ataambiwa amsogeze maiti, akasita, na akisita atawaza nini? Wakaingia magarini, magari yakashika njia mbili mbalimbali, na senema ikaisha pale ambapo mimi nilikuwa tayari kuanza kuitazama.